Reale ya Günzburg

Kusini mwa Ujerumani, hapo unapokutana mto Günz na mto mkuu wa Danube, upo mji mdogo wa Günzburg, ambao zamani ulikuwa makao ya jimbo la Burgau, milki ya ukoo wa Habsburg wa Austria. Na katika mji huo, mwaka 1764, kwa amri ya Malkia Maria Theresia, ilianza kazi karakana ya kupiga sarafu za fedha, ambayo jengo lake lingali limesimama, nalo ndilo baraza la mji hata leo.

Kanuni iliyofuatwa ilitokana na mapatano ya Austria na Bavaria ya mwaka 1753, kwamba fedha safi yenye uzito wa marki moja ya Cologne itoe sarafu 10 za thaler, wala si zaidi. Hata kila moja, yenye uzito wa gramu 28, ikawa na fedha safi gramu 23 na ushei, na iliyobaki ni shaba. Uaminifu huo wa mizani, kwa rai yangu, ndio asili ya heshima yote thaler hiyo iliyoipata baadaye.

Malkia alifariki Novemba 1780. Ilikuwa desturi sarafu kubadilika kwa kubadilika mtawala, lakini wafanyabiashara waliokuwa wakiipeleka fedha hiyo Sham, Misri na bandari za kahawa za Yemen walijua ya kuwa watu wa huko wameizoea sura ile ya mwanamke mwenye utaji wa ujane, wala hawataki nyingine. Basi ikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile ya 1780, kana kwamba mauti hayakumfikia. Karakana ya Günzburg ilifungwa mwaka 1805, mji ulipotolewa kwa Bavaria, ila muhuri wake ukanakiliwa Vienna, Roma, London hata Bombay, pamoja na nembo ya Burgau iliyo katika ngao ya tai mwenye vichwa viwili.

Thaler hiyo ndiyo reale iliyohesabiwa katika forodha ya Unguja zama za Sultani Sayyid Said. Ewe msomaji, ikiwa kwenu imesalia moja katika mkufu wa bibi, usimpe sonara aiyeyushe. Itazame kwanza chini ya sanamu ya malkia, utaona herufi S.F., ambazo ni za Schöbl na Faby, wasimamizi wa karakana ya Günzburg.