Bandari ya Kuondokea na Visiwa Vinavyofikiwa: Historia Fupi ya Safari za Meli za Utalii katika Karibi na Hawaii

Mtu anayetaka kwenda kupumzika visiwani kwa meli huamini kwamba yeye ndiye achaguaye visiwa. Huletewa kitabu chenye picha za fukwe, akalinganisha Barbados na Jamaika, Nassau na Cozumel, kisha akataja kilichompendeza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uchaguzi huo, kwa sehemu kubwa, umekwisha kufanywa kabla kitabu hakijafunguliwa, na kwamba kilichouamua ni bandari ya kuondokea. Anayetaja bandari ametaja visiwa, hata kama hajui.

Kwanza tufafanue jambo lenyewe. Neno safari katika Kiswahili hudai mwisho: mtu husafiri kwenda mahali fulani. Safari tunayoizungumzia haina mwisho wa namna hiyo. Meli hupakia abiria katika bandari moja, husafiri usiku, hutia nanga asubuhi kwenye kisiwa, abiria hushuka kwa saa chache, jioni hung'oa nanga, na baada ya siku kadhaa huwarudisha watu pale pale ilipowatoa. Kwa kukosa istilahi iliyozoeleka, tutaiita safari ya mzunguko.

Wasomaji wetu wanafahamu kwamba majahazi ya pwani ya Afrika Mashariki yaliendeshwa na kaskazi na kusi. Nahodha wa Maskati hakujichagulia mwezi wa kwenda Unguja, upepo ulimchagulia. Meli ya injini haingoji upepo, lakini nayo ina kaskazi na kusi zake, yaani urefu wa likizo ya abiria, bei ya mafuta, tiketi ya ndege, na sheria za nchi yenye bandari. Haya manne ndiyo tutakayoyafuata.

Mwanzoni bandari ilikuwa mbali na jua. Meli ya kwanza iliyoundwa makusudi kwa safari za mzunguko, Prinzessin Victoria Luise ya kampuni ya Hamburg-Amerika, iliyoongozwa na Albert Ballin, iliondoka Hamburg Januari 1901, ikapitia New York kabla ya kuelekea visiwa vya Karibi. Maisha yake yalikuwa mafupi: Desemba 1906 ilipanda mwamba karibu na Kingston, Jamaika, ikapotea. Lakini njia iliyoifungua ilibaki. Kwa zaidi ya nusu karne New York ilikuwa bandari kuu ya kuondokea kwa Wamarekani waliotaka visiwa, kwa sababu ndiko zilikokuwa meli kubwa za Atlantiki, zilizokosa abiria wakati wa baridi. Marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933 iliipa biashara hiyo nguvu mpya, maana nje ya mipaka ya Marekani, katika meli ya bendera ya kigeni, mtu alikunywa bila kukamatwa.

Hata hivyo New York ilikuwa na kasoro ambayo hakuna nahodha angeweza kuiondoa. Bermuda, kisiwa kilicho karibu nayo kuliko vingine vya anasa, kiko umbali wa karibu maili 700 za baharini. Karibi yenyewe iko mbali zaidi. Abiria alilipia siku mbili za baridi na mawimbi kabla ya kuliona jua, na mbili nyingine wakati wa kurudi. Aliyekuwa na wiki mbili au tatu za likizo na fedha za kutosha hakujali. Karani na mwalimu, wenye wiki moja, hawakuwamo katika hesabu.

Kusini mwa Florida hesabu ilikuwa nyingine. Kutoka Key West hadi Havana ni kama maili 90. Kutoka Miami hadi Nassau, maili 185 hivi. Ni mwendo wa usiku mmoja. Kabla ya mapinduzi ya Kuba ya 1959, Havana ndiyo iliyokuwa kituo cha wote, nayo Nassau ilikuwa ya pili. Marekani ilipovunja uhusiano na Kuba mwaka 1961, kisha ikatangaza vikwazo vya biashara mwaka 1962, Havana iliondolewa katika ramani ya abiria wa Miami, na Nassau ikarithi wageni ambao haikuwatafuta. Miaka mingi baadaye jambo hilo lilijirudia kwa ufupi: Mei 2016 meli ya utalii kutoka Miami ilitia nanga Havana kwa idhini ya serikali zote mbili, na mwezi wa Juni 2019 serikali ya Marekani ilizifunga safari hizo kwa taarifa ya siku moja tu, hata meli zilizokuwa tayari baharini zikabadili vituo. Havana haikuwa imesogea hata hatua moja.

Miami ya mwanzo wa miaka ya 1960 haikuwa na sifa njema. Meli zilizokwenda Nassau zilikuwa kuukuu, nyingi zikiwa na sehemu za mbao. Usiku wa tarehe 13 Novemba 1965 meli Yarmouth Castle, iliyojengwa 1927, iliwaka moto ikiwa njiani kwenda Nassau, wakafa watu 90. Msiba huo uliharakisha kanuni mpya za kimataifa za usalama dhidi ya moto, na kanuni hizo zikazifukuza meli za zamani. Pengo likaachwa wazi.

Lilijazwa kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Knut Kloster wa Norwei alikuwa ameunda meli mpya, Sunward, kwa ajili ya kuchukua abiria na magari kati ya Southampton na Gibraltar. Uingereza iliwawekea raia wake mipaka ya fedha za kutumia nje, na Hispania ikaibana Gibraltar. Meli mpya ikakosa kazi. Wakati huohuo Ted Arison, mzaliwa wa Palestina aliyehamia Marekani, alikuwa Miami akiwa na abiria waliokwisha kuandikisha nafasi lakini bila meli, baada ya kupoteza zile alizokuwa akizitumia. Waliafikiana, na Desemba 1966 Sunward ikaanza safari za siku tatu na nne kutoka Miami kwenda Bahama. Mwaka 1970 kampuni nyingine ya Kinorwei, Royal Caribbean, ikaleta Song of Norway, iliyobuniwa tangu mwanzo kwa maji ya joto; na mwaka 1972 Arison, akiwa ameachana na Kloster, akaanzisha Carnival.

Hapo ndipo ndege inapoingia. Wanahistoria wa usafiri hupenda kusema kwamba ndege za jeti, zilizoanza kuvuka Atlantiki kwa wingi kuanzia 1958, ziliua meli za abiria. Ni kweli kwa meli za kwenda mahali. Kwa safari za mzunguko tunaona kinyume: ndege iliisogeza bandari. Mtu wa Chicago aliweza kufika Miami kwa saa chache, akazihifadhi kwa ajili ya visiwa siku ambazo baba yake angezipoteza katika baridi ya Atlantiki.

Sasa tufanye hesabu, maana ndani yake umo moyo wa jambo hili. Wiki ina saa 168. Tuchukue meli inayokwenda maili 20 za baharini kwa saa. Kutoka Miami hadi St. Thomas, katika Visiwa vya Virgin vya Marekani, ni karibu maili 1,000. Kwenda na kurudi ni saa 100. Zinabaki 68, na katika hizo lazima bandari ya Miami ipewe saa za kushusha na kupakia. Kwa hiyo anayeondoka Miami kwa siku saba kuelekea mashariki hupata vituo vitatu au vinne: Nassau, San Juan, St. Thomas, na pengine kimoja cha jirani. Akielekea magharibi hupata Jamaika, Grand Cayman na Cozumel. Barbados haimo, wala Grenada, wala Martinique. Si kwa sababu ni duni, saa hazitoshi. Baada ya mafuta kupanda bei kwa ghafula mwaka 1973, kila maili ikazidi kuhesabiwa.

Ukiihamisha bandari ya kuondokea hadi San Juan, Puerto Rico, hesabu yote hugeuka. St. Thomas sasa iko umbali wa maili 70 hivi. Kutoka hapo visiwa vimejipanga kuelekea kusini kama ushanga uliotungwa, kila kimoja kikiwa mwendo wa usiku mmoja au chini yake. Kati ya Martinique na St. Lucia hazifiki hata maili 50. Cunard Countess, iliyoanza kazi San Juan mwaka 1976, ilimpa abiria kisiwa kipya karibu kila asubuhi. Bei yake ilikuwa tiketi ndefu zaidi ya ndege. Msafiri wa leo anayelinganisha gharama za meli mbili bila kujumlisha tiketi ya ndege, na bila kuhesabu ni siku ngapi atakanyaga nchi kavu, halinganishi vitu vya aina moja. Kwa maoni yetu, anayependa visiwa heri aondoke San Juan. Anayependa meli, Miami itamtosha.

Msomaji wa Lubumbashi hatastaajabu sana. Shaba ya Katanga ilipelekwa Lobito baada ya reli ya Benguela kukamilika mwaka 1931, na vita vya Angola vilipoifunga njia hiyo mwaka 1975, miji, maghala na vibarua wa njia nyingine walifaidika na mzigo uleule. Visiwa vilivyo kwenye njia ya meli vinaishi katika hali hiyohiyo, ila mzigo wao una miguu na pochi.

Sheria ndiyo iliyotoa maajabu makubwa zaidi. Mwaka 1886 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayozuia meli za kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari mbili za Marekani. Ilikusudiwa kulinda meli za nchi hiyo dhidi ya washindani. Lakini karibu meli zote tulizozitaja ni za bendera za kigeni. Ili zisivunje sheria, safari inayoanza na kuishia katika bandari ileile ya Marekani lazima iguse walau bandari moja ya nje. Na ile inayoanzia bandari moja na kuishia nyingine lazima iguse bandari ya nje iliyo "mbali". Kwa tafsiri ya sheria hiyo visiwa vya Karibi havihesabiwi kuwa mbali, isipokuwa Aruba, Bonaire na Curaçao, vinavyohesabiwa pamoja na Amerika ya Kusini. Puerto Rico ilipata msamaha wake mwaka 1984. Hivyo abiria aonaye Curaçao katika orodha ya vituo huenda anaona hitaji la mwanasheria, si chaguo la mpenzi wa fukwe.

Hawaii ndiko sheria hiyo ilikouma zaidi, kwa kuwa visiwa vyote ni vya Marekani na hakuna nchi ya kigeni jirani. Mwaka 2001 kampuni ya Kimarekani iliyokuwa ikizunguka visiwa hivyo ilifilisika. Desemba ya mwaka huo Norwegian Star, yenye bendera ya kigeni, ikaanza safari za wiki kutoka Honolulu. Bandari ya nje iliyopatikana ilikuwa Tabuaeran, katika Jamhuri ya Kiribati, zaidi ya maili 1,000 kusini. Sehemu kubwa ya wiki iliishia baharini ili sheria itimizwe. Kisiwa chenye watu wasiofikia 3,000 kikawa kinapokea kwa siku moja wageni zaidi ya 2,000. Wenyeji wakapanga kazi zao za mikono na ngoma zao kwa kufuata siku ya meli. Kisha, kwa idhini maalumu ya Bunge iliyotolewa 2003, kampuni hiyohiyo ikapata meli zenye bendera ya Marekani: Pride of Aloha mwaka 2004 na Pride of America mwaka 2005. Meli hizo hazikuhitaji bandari ya nje. Pride of America bado inauzunguka mnyororo wa Hawaii kila wiki kutoka Honolulu, ikiwapa abiria visiwa vinne na bila siku hata moja ya kuvuka bahari kuu. Kwa abiria ni faida tupu. Tabuaeran haikuulizwa ilipochaguliwa, wala ilipoachwa.

Serikali za visiwa vya Karibi zililielewa somo hilo mapema. Mara kadhaa katika miaka ya 1990 zilijaribu kuafikiana juu ya kiwango kimoja cha kodi kwa kila abiria anayeshuka, zisishindanishwe. Umoja huo haukusimama, kwa kuwa kila kisiwa kilijua kwamba meli hubadili njia upesi kuliko kisiwa kinavyoweza kujenga gati.

Makampuni nayo yalitafuta kisiwa kisichotoza wala kubishana. Mwaka 1977 kampuni ya Kloster ilinunua Great Stirrup Cay katika Bahama. Mwaka 1986 Royal Caribbean ilikodi ufuko wa Labadee, kaskazini mwa Haiti, nchi ile iliyotuletea walimu wengi baada ya uhuru wetu wa 1960. Ufuko umezungushiwa ua, na abiria wengi walishuka na kupanda wasione mji wowote wa Haiti. Castaway Cay ya Disney ilifuata 1998, ikihudumiwa kutoka Port Canaveral. Kwa kuwa Bahama ni nchi ya kigeni, gati la kampuni huko huitimiza sheria ya 1886 sawasawa na Nassau, kwa umbali mdogo na mafuta machache, na fedha za chakula na vinywaji hubaki mikononi mwa wenye meli. Julai 2025 Carnival ilifungua Celebration Key katika kisiwa cha Grand Bahama, usiku mmoja tu kutoka Florida, na meli zake nyingi zikapangiwa kupitia hapo. Anayeondoka Miami leo kwa siku tatu au nne huenda akarudi nyumbani akiwa amekanyaga ardhi ya kampuni peke yake.