Endere ya Buganda: Historia ya Kipimo cha Sauti na Suala la Istilahi za Kiswahili

Makala haya yanachunguza historia ya endere, filimbi ya Waganda, kwa kuzingatia namna sauti zake zinavyowekwa na namna maarifa hayo yalivyorithishwa. Hoja kuu ni kwamba kipimo cha endere hakikuwa maandishi wala namba, bali endere nyingine iliyokwisha kukubalika. Kwa hiyo, mkondo wa wapigaji ulipovurugika, kipimo chenyewe kiliingia hatarini.

Endere hutengenezwa kwa mwanzi au tete. Fundi huchagua kipande kikavu, huondoa kizuizi chochote kilichomo ndani, kisha huchonga pengo dogo kwenye ukingo wa juu, mahali ambapo pumzi hugeuka kuwa sauti. Upande wa chini hutobolewa matundu manne. Yote yakizibwa, hupatikana sauti ya chini kabisa. Yakifunguliwa moja baada ya jingine, hupatikana nyingine nne. Mpigaji akikaza pumzi, ngazi hiyo hujirudia juu. Tundu likipanuliwa, sauti yake hupanda. Mwanzi ukifupishwa, sauti zote hupanda. Kuzishusha tena ni vigumu, kwani kilichokatwa hakirudi. Ndiyo sababu fundi huanza na tundu dogo, husikiliza, hulinganisha, kisha hupanua kidogo kidogo.

Katika kasri la Kabaka walikuwapo abalere, kundi la wapiga endere za ukubwa mbalimbali walioandamana na ngoma. Kupiga kwa pamoja kulidai ulinganifu, na hivyo kundi lenyewe likawa hifadhi ya kipimo. Mwaka 1950 Klaus Wachsmann, msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alichapisha vipimo vya kinubi cha Waganda vilivyoonyesha kuwa hatua kati ya sauti zake tano zilikaribia kulingana. Oktavu ikigawanywa katika sehemu 1,200, kila hatua ya namna hiyo huwa takriban 240. Ngazi ya sauti tano inayopigwa kwenye kinanda cha Kizungu huwa na hatua za 200 na 300. Ingawa vipimo hivyo ni vya kinubi, vinadhihirisha kwamba sikio la Kiganda lilikuwa na kanuni yake, wala halikuwa likikosea kanuni ya wengine.

Mei 1966 jeshi la serikali lilivamia kasri la Mengo, Kabaka Mutesa II akakimbilia uhamishoni, na mwaka 1967 falme zikafutwa. Wanamuziki wa kasri walitawanyika. Baadhi yao, akiwamo Evaristo Muyinda, waliendelea kufundisha nje ya kasri, na baadaye kundi la Ndere, lililochukua jina lake kutokana na ala hii, likaipeleka jukwaani. Ufalme ulirejeshwa mwaka 1993. Mwanzi ulikuwa bado unapatikana. Kilichohitaji kutafutwa ni masikio yaliyokumbuka.

Suala hili sasa linakihusu Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Katika matumizi ya kawaida, neno filimbi hubeba kipenga cha mwamuzi wa mpira na ala ya muziki kwa pamoja. Vitabu vikiandika filimbi pekee, mwanafunzi atapewa jina lisilobeba umbo, ngazi wala historia ya ala iliyomo kijijini kwake. Inapendekezwa, kwanza, kwamba neno endere lipokelewe katika istilahi za Kiswahili kama yalivyopokelewa majina mengine ya ala. Pili, kwamba mafundi washirikishwe katika kutunga istilahi za hatua za utengenezaji. Na tatu, kwamba darasani endere mpya ilinganishwe na endere ya fundi, si na kinanda. Lugha ya kanda haitajengwa kwa kufuta maneno ya majirani, bali kwa kuyapa makazi.