Mbegu Zilizoshuka kutoka Amani

Ukitoka Muheza mjini na kushika njia ya Amani, unapita kwanza kwenye minazi na michungwa, kisha barabara inaingia bonde la mto Zigi na kuanza kupanda kwa kona kali hadi mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgeni hutafuta ukuta au ua wa bustani asiuone. Misaji iliyopandwa kwa mistari kule Zigi, mianzi minene, mikafuri na mikwinini mlimani, yote ni bustani ya mimea ya Amani. Katikati yake kuna nyumba, shule, mashamba ya chai na vijiji vya Wasambaa pamoja na watu ambao babu zao walikuja kutafuta kazi. Bustani na makazi vimekua pamoja, na huwezi kueleza historia ya kimoja ukaacha kingine.

Wajerumani waliianzisha mwaka 1902. Walowezi wao walikuwa wamefyeka msitu wa Usambara Mashariki ili wapande kahawa, wakiamini kwamba penye miti mikubwa namna ile pana udongo wa ajabu. Msitu uliwadanganya. Rutuba yake ilikuwa kwenye majani yanayooza juu juu; chini ya hapo udongo ni mchachu na maskini, na mibuni iliyochangamka miaka michache ikadhoofu. Franz Stuhlmann, aliyekuwa ameiona bustani ya Buitenzorg huko Java, mji unaoitwa leo Bogor, akawa mkurugenzi wa kwanza. Zikaletwa mbegu na miche kutoka Asia na Amerika ya Kusini, ikapimwa ni ipi itastahimili ukungu na mvua ya karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Lengo lilikuwa faida ya koloni, na hakuna sababu ya kulipamba.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za baharini, Amani ikageuka kiwanda. Magome ya mikwinini yalitengenezwa dawa ya malaria kwa ajili ya jeshi la Wajerumani, katika vita ambayo wapagazi Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu. Waingereza waliichukua Amani mwaka 1916, na kwa miaka kadhaa kazi ikalala.

Sura inayonifanya niithamini bustani hii kuliko nyingine yoyote Afrika Mashariki ilianza baada ya hapo, na inahusu muhogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 alifika Amani mtaalamu wa magonjwa ya mimea, H. H. Storey. Wakulima wa pwani walikuwa wakiona majani ya mihogo yao yakikunjamana na kuingia madoa ya njano na kijani, huku mizizi ikibaki midogo. Ndiyo batobato. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walionyesha kwamba ugonjwa unaenezwa na inzi weupe, na mwaka 1936 Storey akawa wa kwanza kuuelezea ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, ule unaoozesha muhogo ardhini huku majani yakikuridhisha kwa macho. Dawa ya kupulizia haikuwa jibu kwa mkulima mwenye jembe na nusu eka. Ilibidi upatikane muhogo wenye nguvu yake wenyewe.

Nguvu hiyo ilipatikana kwa mti uliokwisha kudharauliwa. Wajerumani walikuwa wameupanda kwa wingi mkoani Tanga ule mpira wa Ceara, ndugu wa muhogo kutoka Brazil, ili wakinge utomvu. Bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913 kwa sababu ya mashamba ya Asia, miti ikatelekezwa. Wenyeji wa pwani waliipa matumizi yao: majani machanga yakachumwa, yakatwangwa kinuni, yakachemshwa hadi yalainike na kuungwa kwa tui zito. Mpaka leo kisamvu cha mpira kina wapenzi wake, na wengi watakuambia kinashinda cha muhogo.

Nichols aliuchukua mpira huo na kuuzalisha na muhogo. Kizazi cha kwanza kilihimili ugonjwa, ila mizizi yake ilikuwa myembamba, yenye nyuzi, isiyolika. Akakirudisha kwenye muhogo, kisha tena, kisha mara ya tatu. Ni kazi ya subira kubwa. Ua hufunikwa kabla halijafunguka, chavua hupakwa, kifuko hufungwa, kibandiko huandikwa. Tunda likikauka bila kuzuiwa hupasuka na kurusha mbegu ovyo, na jasho lote limepotea. Makala za kisayansi zilibeba majina ya Storey, Nichols na baadaye D. L. Jennings. Kila hatua ya kazi hiyo ilihitaji pia wafanyakazi wa Kiafrika wa pale Amani, nao wanastahili kutajwa kila kisa hiki kinaposimuliwa.

Uzao wa mihogo hiyo ulipelekwa Nigeria, na miaka ya 1970 watafiti wa Ibadan wakautumia kupata aina mpya zilizosambaa barani. Batobato kali ilipoivamia Uganda miaka ya 1990 na kufagia mashamba, miongoni mwa mihogo iliyorudisha chakula mezani ilikuwamo ile iliyotokana na damu ya Amani. Katani nayo ilipata yake: aina ya mkonge iliyozoeleka Amani hadi ikapewa jina la kisayansi *Agave amaniensis* ndiyo mzazi wa chotara namba 11648, anayelimwa leo hata China.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kilihamishiwa Muguga, Kenya, na hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iliyoanza Amani mwaka 1902, ikapelekwa Nairobi mwaka 1950. Majengo yakachukuliwa na watafiti wa malaria. Bustani yenyewe ikabaki bila mwenyewe wa kuipalilia.

Na bustani isiyopaliliwa ina madhara. Musizi, mti wa upande wa Uganda na Afrika ya Kati uliopandwa Amani mwaka 1913, ulipata rafiki: hondohondo wanaomeza matunda yake na kudondosha mbegu mbali msituni. Ukataji wa magogo ulipofungua mianya, musizi ukaijaza, ukabana miti ya asili isiyopatikana kwingine duniani. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilipoanzishwa mwaka 1997, na bustani ikiwa ndani yake, ilirithi uzuri pamoja na deni hilo.

Uhifadhi nao umewagharimu majirani. Familia za Derema zilipoteza mashamba ya iliki yaliyokuwa chini ya kivuli cha msitu ili ushoroba uunganishe misitu miwili. Sikubaliani na wanaowaita watu hawa waharibifu kwa jumla. Mto Zigi unaowanywesha wakazi wa jiji la Tanga unaanzia kwenye milima wanayoilinda wao, tena kwa kujinyima kuni na shamba. Deni la majirani hao lingeweza kulipwa kwa kitu ambacho bustani inakijua tangu zamani: miche.

Mdalasini, karafuu, pilipili manga na iliki vilikuwamo kwenye vitalu vya Amani, na leo ndivyo vinavyolipa ada za shule vijijini. Mkulima hukata tawi la mdalasini, hukwangua ganda la nje kwa kisu, huchanja gome la ndani na kulivua taratibu, kisha hulianika hadi lijikunje lenyewe. Ana ustadi wote huo, ila mara nyingi hana mche bora wala anayempimia ubora kabla dalali hajafika. Miti mama ingali imesimama mlimani. Kitalu kinachohudumia vijiji, chenye mtaalamu wa kudumu na kibao kipya kwenye kila mti kabla majina hayajasahauliwa, kingeirudisha Amani kazini, safari hii kwa faida ya wanaoishi humo.