Wino wa Ofisi ya Terezín

Michoro ya watoto wa Terezín imezunguka dunia. Vipepeo wao, nyumba zao na maua yao vimechapishwa kwenye vitabu na kadi za posta. Michoro ya watu wazima waliofungwa mji huohuo haikupata bahati hiyo, na sababu yake haifichiki: nani atatundika sebuleni picha ya foleni ya wazee wenye mabakuli matupu?

Terezín, kaskazini ya Prague, ni mji wa ngome uliojengwa mwishoni mwa karne ya 18 kwa amri ya Josef wa Pili wa Austria, aliyeupa jina la mama yake. Novemba 1941 Wanazi waliugeuza geto la Wayahudi. Mji ambao kabla ya vita ulitosha watu elfu chache, askari wakiwemo, ulisongwa na zaidi ya 50,000 mwaka 1942. Wapatao 33,000 walifia humohumo kwa njaa na maradhi. Wengine, karibu 88,000, walipakiwa kwenye treni kwenda Auschwitz na kambi nyingine za mauaji.

Geto hilo lilikuwa na ofisi ya michoro. Wanazi walipenda makaratasi, na mkuu wa kambi alitaka ramani za majengo, chati za takwimu na ripoti zilizopambwa za kuwaonyesha wakubwa wake jinsi kazi inavyokwenda. Wachoraji wafungwa walikusanywa katika jengo lililoitwa Magdeburg, chini ya Bedřich Fritta, mchoraji wa katuni kutoka Prague aliyeletwa Desemba 1941. Pamoja naye walikuwepo Leo Haas, Otto Ungar aliyekuwa mwalimu wa sanaa mjini Brno, na Ferdinand Bloch.

Mchana walichora walichoagizwa. Usiku, kwa wino uleule na karatasi zilezile za ofisi, walichora walichokiona: magari ya maiti yakisukumwa kama mikokoteni ya mizigo, vitanda vya ghorofa vilivyojaa wagonjwa, watu wenye namba shingoni wakisubiri treni. Bila ajira ile ya uongo, ushahidi huu usingekuwepo. Mfungwa wa kawaida angetoa wapi wino, au sababu ya kuonekana na kalamu mkononi?

Mitindo yao haikufanana. Haas alinasa haraka, mistari yake ikikimbia kama ya mwandishi wa habari. Fritta alijaza kurasa kubwa kwa weusi mzito na miti iliyokauka, na kejeli haikumtoka hata humo. Alichora maduka ya geto na mkahawa wake, ambako watu waliokonda wamekaa mezani kana kwamba wamekuja kustarehe.

Kejeli hiyo ilikuwa na shabaha. Baada ya Wayahudi wa Denmark kuletwa Terezín mwaka 1943, serikali yao ilidai habari zao, nao Wanazi wakakubali ujumbe wa Msalaba Mwekundu uje kukagua. Kuta zikapakwa rangi, bustani zikapandwa, jukwaa la muziki likajengwa. Mei 1944 wafungwa wapatao 7,500 walisafirishwa Auschwitz ili msongamano upungue. Wageni walifika tarehe 23 Juni, wakatembezwa njia iliyopangwa, wakaondoka. Fritta aliichora mipango hiyo waziwazi: nyuso za majengo zimesimama kama mbao za jukwaani, hazina nyumba nyuma yake.

Baadhi ya michoro ilikuwa imeshatoroshwa nje ya geto, na Wanazi walianza kunusa. Julai 17, wiki chache baada ya ukaguzi, wachoraji waliitwa kuhojiwa. Kwa simulizi ya Haas, Adolf Eichmann mwenyewe alikuwepo. Walishtakiwa kwa kueneza propaganda ya vitisho, wakapelekwa pamoja na familia zao kwenye Ngome Ndogo, gereza la Gestapo lililokuwa kando ya mji. Hawakusema picha zilipofichwa. Fritta alikuwa amezika zake ndani ya sanduku la bati. Haas na Ungar walizificha zao ndani ya kuta.

Bloch aliuawa gerezani. Mkono wa kulia wa Ungar uliharibiwa kwa mateso. Alifariki mwaka 1945, muda mfupi baada ya ukombozi. Mke wa Fritta alifia Ngome Ndogo, na Fritta mwenyewe akafa Auschwitz mwishoni mwa 1944. Alimwachia mwanawe Tomáš kitabu cha picha za rangi alichomtengenezea kwa siku yake ya kuzaliwa, Januari 22, 1944, alipotimiza miaka mitatu: safari, vyakula na kazi ambazo mtoto huyo angeweza kuja kuzifanya.

Haas aliokolewa na ufundi wake, kwa namna ya ajabu. Naye alipelekwa Auschwitz, kisha akatolewa huko akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, kwenye karakana ya siri ambako wafungwa Wayahudi walilazimishwa kughushi noti za pauni za Uingereza. Kwa mara ya pili Wanazi walihitaji mkono wake kwa udanganyifu. Vita vilipokwisha alirudi Terezín, na michoro ikatolewa mafichoni. Yeye na mkewe, aliyenusurika pia, walimlea Tomáš kama mtoto wao. Mwaka 1947 Haas alichapisha litografia 12 za maisha ya kambini. Michoro mingi ya Fritta leo iko kwenye Jumba la Makumbusho ya Wayahudi mjini Berlin.