Eti "fyusheni"? Malindi ilikuwa inachanganya kitambo

Kuna hii tabia imeingia Kilifi na Watamu: mtu anachukua samaki, anamwaga tui, anarusha iliki kidogo, halafu kwenye menyu anaandika "fyusheni" na bei inapanda mara tatu. Bei si shida yangu. Shida ni kudhani kuchanganya kumeletwa juzi na ndege.

Twende 1331. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, anatua Mogadishu kabla hajashuka Mombasa na Kilwa. Anapewa wali uliopikwa kwa samli, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni kuna ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na bakuli la maziwa yaliyoganda pamoja na achari ya ndimu, achari ya pilipili, tangawizi mbichi na embe. Soma tena polepole. Hiyo ni mala na achari, karibu miaka 700 iliyopita, na wewe leo ukiona video ya mtu ng'ambo akitia embe kwenye yogati unasema ni ubunifu. (Na pilipili yenyewe haikuwa hii kali yetu. Hii asili yake ni Amerika, ilikuja baada ya Columbus kuvuka 1492.)

Aprili 1498 Vasco da Gama anafika Malindi. Ile nguzo tumepigia picha wote. Lakini kwenye habari za safari yake kuna kitu shuleni kilirukwa: mfalme wa Malindi alimpelekea kondoo pamoja na karafuu, jira, kungumanga, tangawizi na pilipili. Karafuu! Mashamba ya Zanzibar yalikuja karne ya 19, kwa hivyo hizo zilivuka bahari kutoka Asia. Yaani Malindi tayari ilikuwa na viungo ambavyo Wareno walizunguka Afrika nzima kuvitafuta. Aliyekuja na njaa ni mgeni.

Wareno nao walituachia muhogo, mahindi, na mkorosho kutoka Brazil. Hapa mnisikize, hasa nyinyi ambao maziwa yanawavuruga tumbo. Loweka korosho zisizo na chumvi usiku kucha, saga na maji kidogo, kamulia ndimu, tia chumvi, kitunguu saumu na jira iliyokaangwa. Inakuwa nzito, ina uchachu kama mtindi. Paka kuku, mwache masaa mawili, weka makaani. Tui pia linafanya kazi, ila ndimu utie ukishaepua, na ukilichemsha bila kukoroga litakatika. Mimi hutia hiyo korosho hata kwa tambi, kwa heshima ya Waitaliano wetu wa Malindi. Dada yangu alionja akasema, "Tamu, lakini Mtaliano asione."

Chenye kinaniuma ni hiki: Kilifi ina mikorosho kibao, lakini kiwanda cha mjini kilifungwa miaka ya 1990, na leo mkulima anauza ikiwa na ganda kwa bei ndogo huku kilo iliyobanguliwa dukani ni ghali kuliko kilo ya kuku. Tunda liko uani kwetu, na sisi ndio hatulimudu.

Kwa hivyo achana na pakiti. Kuna akina mama wanauza korosho kando ya barabara ya Mombasa hadi Malindi, waambie wakuwekee zisizotiwa chumvi. Na kabla hujaniuliza vipimo, muulize nyanya yako yeye hutia nini kwa samaki.