Safari Rally na Gari Lililonyanyuliwa

Anayetaka gari lake liwe la mbio kwa kawaida huanza kwa kulishusha: springi fupi, shokapu ngumu, stabilaiza nene. Imani hiyo si ya kipuuzi. Stabilaiza ni chuma kilichopindwa kinachofunga gurudumu la kushoto na la kulia, na hataza yake alipewa Mkanada Stephen Coleman mwaka 1919. Gari likiingia kona na bodi ikaanza kulala upande, chuma hicho hujisokota na kugoma, bodi ikabaki wima. Ukikiongezea unene kutoka milimita 20 hadi 24 tu, ugumu wake unazidi maradufu. Kwenye lami isiyo na mashimo hiyo ni faida tupu. Tatizo ni kwamba chuma hicho hakijui tofauti ya kona na shimo. Gurudumu moja likipanda jiwe, la pili huvutwa juu pamoja nalo. Likitumbukia kwenye korongo, huzuiwa lisifike chini, likaishia kuzunguka hewani huku injini ikinguruma bure. Kwa hiyo mtu anayechagua stabilaiza anachagua barabara, ajue asijue. Sioni mahali palipolithibitisha jambo hilo kwa ukali kuliko Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika.

Safari ya zamani ilipita maelfu ya kilomita kwenye barabara za watu wote, mchana na usiku, wakati wa Pasaka, mvua za masika zikinyesha. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yaliyomaliza yalikuwa 7 tena. Mshindi wa miaka yote miwili alikuwa Nick Nowicki, na gari lake lilikuwa Peugeot 404, saluni ya familia yenye injini ya cc 1618 na springi laini, ndugu wa zile zilizobeba abiria na magunia mikoani. Kati ya ushindi huo wa mara mbili, Bert Shankland wa Tanzania alishinda na 404 mwaka 1966 na 1967. Itasemwa kwamba walioshinda walikuwa wenyeji waliozijua njia, si magari. Ni kweli kwamba hakuna dereva wa ng'ambo aliyeshinda hadi Hannu Mikkola mwaka 1972. Lakini wenyeji hao hao ndio waliojaa pia kwenye orodha ya walioshindwa kufika, wakiendesha magari ya kila aina. Kuijua njia ni jambo moja. Kuwa na gari litakaloivumilia hadi mwisho ni jambo jingine.

Pingamizi zito zaidi kwa hoja kwamba gari laini ndilo linalovumilia ni Datsun 240Z, gari la michezo lisilo na shaka, lililoshinda 1971 na 1973. Ila lile la 1973, la Shekhar Mehta, lililingana pointi na saluni ya Datsun ya Harry Källström, na ushindi ukapatikana kwa kanuni ya kuvunja sare. Mehta huyo huyo alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na safari hizo hakuwa na gari la michezo: aliendesha Datsun 160J na Violet, saluni zenye ekseli ya nyuma ya kipande kimoja, mtindo ambao wahandisi wa magari ya kasi walishaanza kuuonea aibu. Porsche nao walisoma somo lile lile kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 1978 walileta 911 iliyonyanyuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini, gari la lami likaonekana kama mbuni. Vic Preston mdogo akawa wa pili. Aliyemtangulia, Jean-Pierre Nicolas, alikuwa ndani ya Peugeot 504. Na Audi Quattro, iliyokuwa imeubadilisha mchezo mzima duniani kwa kuendesha magurudumu manne, ilishindwa Safari mbele ya Opel Ascona na Toyota Celica, zote za kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Audi waliposhinda hatimaye, mwaka 1987, walishinda na Audi 200, gari refu la wakurugenzi. Nikiri kwamba kanuni mpya za mwaka huo ndizo zilizoiondoa Quattro kali uwanjani. Hata hivyo, gari zito na pana halikuonekana limepotea njia.

Leo, watasema wengine, Safari si ile. Ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 ikiwa na kilomita 320 hivi za mashindano, njia zikiwa zimefungwa, kuzunguka Naivasha. Ni sawa, na anayeendesha kati ya Westlands na Thika Road jijini Nairobi ana haki ya stabilaiza yake nene. Lakini asubuhi ya siku ya mwisho ya mashindano ya mwaka huo Thierry Neuville alikuwa anaongoza kwa karibu dakika nzima, na gari lake la Hyundai halikukosa nguvu wala mshiko. Ilivunjika shokapu ya nyuma. Sébastien Ogier akashinda.