Polisi wa Congo: nani anawaajiri, nani anawalipa

Wezi wakivamia mtaa au kambi ya wahamaji usiku, watu huuliza kwanza polisi wako wapi. Halafu, kwa sauti ya chini, huuliza mshahara wao wa mwisho ulitoka lini. Swali hilo la pili lina historia ndefu.

Chini ya Leopold II na Wabelgiji, Force Publique ilikuwa jeshi na polisi kwa pamoja. Machifu walilazimishwa kutoa vijana, na maafisa wote walikuwa wazungu. Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, askari waliasi.

Majimbo yakabaki na polisi yao hadi 1966, Mobutu alipoiweka yote chini ya Kinshasa. Mwaka 1972 aliivunja, kazi yake akawapa Gendarmerie, yaani wanajeshi tena. Mwaka 1984 ikaongezwa Garde Civile. Majina yaliongezeka, mishahara ikakauka, na kufikia miaka ya 1990 vizuizi vilijaa barabarani. Raia alikuwa anamlipa mlinzi wake mkononi, bila risiti.

Polisi ya Taifa ya leo ilizaliwa baada ya Mobutu kuanguka. Vita vilipotulia mwaka 2003, safu zake zilijazwa zaidi na magendarme wa zamani na wapiganaji wa makundi yaliyosaini amani kuliko vijana waliochaguliwa kwa kazi ya polisi. Kuwafundisha upya kuligharimu pesa, na nyingi zilitoka nje. Umoja wa Ulaya ulisaidia kikosi cha Kinshasa mwaka 2005. Uingereza ikagharimia polisi wa karibu na raia Bukavu, Kananga na Matadi. Kisha ikaja operesheni Likofi, Kinshasa, mwishoni mwa 2013. Polisi wakashutumiwa kuua vijana, na Uingereza ikasimamisha msaada wake. Makosa ya Kinshasa yaliwagharimu watu wa Bukavu.

Kulipa kupitia benki, kulikoanza 2011, kulisaidia: bahasha haipiti tena mkononi mwa mkubwa. Lakini polisi wa kijijini huacha kituo siku kadhaa kufuata benki mjini.

Katiba ya 2006 inaweka polisi chini ya mamlaka ya kiraia ya mahali. Orodha ya mishahara iko Kinshasa. Meya anaweza kuomba polisi kwa ajili ya kambi mpya, kuwaajiri hawezi. Mara nyingi anachopata ni watu walioondolewa kwenye mtaa mwingine.